Marehemu wa Kwenye Simu

Chimala,
9 Juni 2024

Shemeji Shadrack,

Habari za Iyunga, na habari za baridi? Mwezi huu najua mnalala na makoti. Huku bondeni tunavuna mpunga, pumba zinanikaba kifua, lakini ninakula na kutembea, kwa hiyo niite mzima. Mama mkwe hajambo. Hajambo kupita kiasi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu sijaishika tangu wiki ya pili ya msiba. Iko kifuani kwa mama, kwenye mfuko wa kitambaa aliojishonea, kwa sababu ndani yake kuna Foleni ya Marehemu, ile sinema uliyomchezesha mume wangu Mwigulu, rafiki yako, Januari, miezi miwili kabla pikipiki haijamteleza na kumuua kweli. Tafadhali usiipige. Ukiipiga picha inakatika, na mama anasema wamemwita mwanawe arudi kwenye foleni.

Sijui kama unakumbuka ulichokitengeneza. Mimi sasa naijua kama Baba Yetu. Marehemu wamepanga foleni kwenye godauni la mpunga, karani anawagongea mihuri, na Mwigulu anainuka kwenye jeneza, anaomba ruhusa ya jioni moja akamuage mkewe. Anamkuta Violet anasonga ugali, akijifanya mimi. (Mwambie Violet ugali hausongwi kwa vidole viwili.) Mwigulu anasimama mlangoni na kusema: "Usitoke ndani ya nyumba hii, mke wangu. Asiingie mwanaume mwingine, asiingie mgeni. Siku watakayonipa ruhusa tena, nikukute."

Mama anasema huo ni wosia. Mwanawe amekufa, mwanawe amesema, basi. Siendi mashineni, siendi mnadani, kanisani nimesahau hata mpangilio wa mabenchi. Kisimani nakwenda naye nyuma yangu. Vyeti vyangu vya shule viko kwenye sanduku lake, na ufunguo uko kwenye mfuko uleule wa simu.

Na hapo ndipo penye kisu, shemeji. Nimechaguliwa chuo cha uuguzi Iringa. Mwigulu ndiye aliyenijazia fomu, kwa mwandiko wake ule wa kuku. Nisiporipoti na vyeti kufikia tarehe 30 Septemba, nafasi anapewa mwingine. Baba yangu anasema nisitoroke, nisubiri kikao cha ukoo cha kumaliza msiba, kitakachokaa baada ya mavuno. Nakuomba uje siku hiyo. Simama mbele ya wazee, sema maneno yale uliyatunga wewe. Hilo tu. Sikuombi kitu kingine maisha yangu yote.

Barua nampa Zabron, dereva wa Fuso anayepakia mpunga hapa kwetu na kuushusha huko kwenu. Ni mtu wa kuaminika, ingawa anaongea kama redio.

Ni mimi shemeji yako,
Nyamizi


Iyunga, Mbeya,
16 Juni 2024

Shemeji yangu Nyamizi,

Ndaga sana, kama tusemavyo sisi Wanyakyusa, kwa kunikumbuka. Mimi mzima, ila kifua kidogo kwa hii baridi. Poleni na mavuno, poleni zaidi na pengo la ndugu yetu. Hakuna siku inapita nisimtaje.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimecheka kidogo, samahani, halafu nikaona aibu ya kucheka. Shemeji, yale yalikuwa maneno ya sinema! Niliyaandika ili watu walie, na kweli wanalia, hata huku mtaani wananiambia. Sikujua kama kuna mtu atayafungia mlango.

Kuja mwenyewe itakuwa vigumu kidogo. Huu ni msimu wa harusi na vipaimara, kamera ninayo moja, na kijana wa kunishikia taa amehamia Makambako. Lakini nimekuandikia ushahidi, umo ndani ya bahasha hii: "Mimi Shadrack, mwenye akili timamu, nathibitisha kwamba maneno yote ya marehemu katika sinema niliyatunga mimi." Nimetia sahihi na nimegonga muhuri wa studio. Wasomeeni wazee.

Ungeuliza kuhusu picha mbichi, zile za marudio, nazo zingesaidia sana. Bahati mbaya zimefutika. Kompyuta iliingiwa na virusi mwezi wa nne.

Mama anasemaje juu yangu? Nisalimie sana. Mwambie ninamheshimu kama mzazi.

Shemeji yako akupendaye,
Shadrack


Chimala,
7 Julai 2024

Shemeji Shadrack,

Hujambo? Kifua kimepona? Kama hakijapona, chemsha majani ya mkaratusi ujifukize, usitegemee vidonge tu. Mimi sijambo kwa mwili.

Karatasi yako imesomwa. Aliisoma Antoni, kaka mkubwa wa Mwigulu, kwa sauti ya mtu anayetangaza mnada. Mzee mmoja akasema karatasi haina macho, mtu yeyote anaweza kuchonga muhuri. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Sawa, Shadrack ndiye aliyeandika. Lakini nani alimwandikisha?" Wazee wawili waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa kama wamesikia nabii Isaya. Sasa wewe, shemeji, umekuwa kalamu ya marehemu. Hongera.

Tangu siku hiyo mambo yamezidi kubana. Ameleta kigoda chake pale mlangoni, na hapo ndipo anapochagulia mchele. Nikisimama ananitazama. Nikikaa ananitazama. Jana nilikaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha ghala nikahesabu mabati, upande mmoja kumi na nane, upande wa pili kumi na nane. Nimekuwa mtu wa kuhesabu mabati. Nina miaka ishirini na nne.

Antoni anakuja mara tatu kwa wiki. Si mtu mbaya, analeta samaki, anauliza hali, anakaa jikoni muda mrefu kuliko samaki mwenyewe. Akija tu, mama anaipandisha sauti ya simu mpaka mwisho, na Mwigulu anaanza kunguruma kutoka kwenye kile kifuko: asiingie mwanaume mwingine, asiingie mgeni. Antoni anachukua kofia yake. Mimi nabaki na kichwa kinachouma.

Sasa nisikilize. Kuhusu hivyo virusi vyako. Mwigulu alirudi kutoka Mbeya sauti imekauka, akaniambia ulimrudisha kwenye maneno yale mara kumi na moja, na kwamba kila ulichopiga ulikihifadhi mahali pawili kwa sababu uliwahi kupoteza harusi ya watu na bwana harusi akakufukuza na fimbo. Njia ya mwongo ni fupi, shemeji. Hizo picha unazo. Kwa nini hutaki zionekane? Mficha uchi hazai. Niambie unachoogopa, halafu uogope hivyohivyo ukiwa ndani ya basi.

Kikao kimewekwa Septemba. Zabron atakupa tarehe.

Shemeji yako, bado wa ndani,
Nyamizi


Iyunga, Mbeya,
25 Agosti 2024

Shemeji Nyamizi,

Sijui nianze na salamu ipi baada ya wiki saba za kukaa kimya. Kifua kilipona. Mkaratusi nilijifukiza. Zabron amekuwa akinipigia honi pale nje kila wiki, anauliza, "Bado?" na mimi nasema bado.

Picha ninazo. Zote kumi na moja.

Nianze na siku ya mazishi. Mliona sikuja, mkasema nina roho ngumu. Nilikuja, shemeji. Nilishuka stendi ya Chimala asubuhi, nina shada mkononi. Pale kwa muuza chai wanawake wawili walikuwa wanaongelea msiba wenu. Mmoja akasema: "Aliyemlaza kwenye jeneza akiwa hai ndiye aliyemwitia kifo." Jeneza lenyewe nililiazima kwa fundi mmoja wa Mafinga, la mbao za paina, bado linanukia utomvu. Mimi ndiye niliyemwambia Mwigulu aingie. Shada nililiacha kwenye benchi na nikapanda basi la kurudi. Tangu siku hiyo sijakatiza Igurusi kuja upande wenu.

Sasa picha. Mwigulu alikataa yale maneno. Kwenye marudio ya pili anasema, "Shadi, mimi siwezi kumwambia mwanamke hivi. Mtu akifa amekufa, awaache watu wafungue milango yao." Unasikia sauti nyuma ya kamera inasema, "Rudia." Mara ya tano anacheka. Mara ya sita ameketi ndani ya jeneza anakula andazi. Mara ya nane anasema, "Mama yangu hajui sinema. Akiiona hii ataamini." Na ile sauti inasema, "Mama yako ataionea wapi? Rudia." Mara ya kumi na moja amechoka, na uchovu ule ndio watu wanaosema ni uigizaji mzuri.

Sauti ile ni yangu. Nimeificha kwa sababu hiyo tu. Niliogopa mama akiisikia atajua ni nani aliyemfungia mkwewe, na ni nani aliyemlazimisha mwanawe kusema asiyoyataka wiki chache kabla ya kufa. Mimi ni mwoga, shemeji. Ukitaka kunitukana una ruhusa, lakini nimeshajitukana vya kutosha, huenda ukakosa jipya.

Zabron ameniambia kikao ni Jumamosi tarehe 14. Nitakuja. Nitaleta runinga ndogo na betri. Watazame wote, na wanisikie.

Shemeji yako,
Shadrack


Chimala,
11 Septemba 2024

Shemeji,

Leo nakusalimu kwa mbio, nisamehe. Usije. Kama umeshafunga begi, lifungue. Hizo picha zichome, zizike, au vitafute hivyo virusi vyako uvilishe.

Nitakueleza kwa kifupi, Zabron anamalizia kupakia.

Jana mchana tulikuwa tunapepeta mchele, mimi na mama. Nilikuwa na barua yako ndani ya kanga na nilikuwa na kiburi, nisikufiche. Nikamwambia: "Jumamosi Shadrack anakuja na picha zitakazoonyesha Mwigulu akikataa maneno yale." Nilitaka nimwone akishtuka.

Akaweka ungo chini. Akaniuliza, "Mwanangu alikuwa anakuitaje?"

Nikasema alikuwa ananiita wewe. Akiwa na furaha, we Nyamizi.

"Basi huyu wa kwenye simu anasema mke wangu, mke wangu, kama mchungaji anayefungisha ndoa. Unafikiri siijui sauti niliyoizaa? Niliijua siku ya kwanza."

Shemeji, na mimi niliweka ungo wangu chini. Nikamwuliza kwa nini basi. Akasema hivi, ninakuandikia kama alivyosema: "Antoni alikuomba siku ya tatu baada ya mazishi, hatujafagia hata majivu. Akasema mke wa mdogo wake ni wa ukoo, atakurithi na ataishi humu. Wazee wakakubali. Mimi nikisema hapana, ni maneno ya bibi kizee. Marehemu akisema hapana, wanavua kofia. Nimekufungia ndani ili yeye abaki nje. Kikao kikishasema mlango huu Antoni haruhusiwi, nitafungua sanduku, uchukue vyeti vyako uende huko kwenye sindano zako."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Miezi yote hii! Akasema, "Ungeacha kulia. Na wewe hujui kuigiza."

Nimemchukia mwanamke yule tangu Aprili. Nilikuwa naomba Mungu simu ianguke kisimani. Naona haya hata kushika kalamu.

Kwa hiyo usije. Acha waamini. Siku tatu tu waamini, basi.

Nyamizi, shemeji yako


Iyunga, Mbeya,
17 Septemba 2024

Shemeji Nyamizi,

Sina salamu. Barua yako nimeipata jana, Jumatatu. Fuso ya Zabron ilikatika ekseli pale Inyala Jumatano ileile, na barua ilikaa chini ya kiti mpaka fundi alipopatikana. Jumamosi nilipita hapo na basi. Niliiona Fuso imewekewa mawe na matawi barabarani, Zabron amelala chini ya kivuli chake. Nikampungia mkono dirishani. Nilikuwa na furaha, shemeji. Nilikuwa nimevaa suti.

Uliniona nilivyofika. Nilidhani macho yale uliyonitolea ni ya shukrani. Ulipotikisa kichwa nilidhani unaniambia nisiogope.

Uliona yote, lakini acha niseme, maana sina mwingine wa kumwambia. Wazee walicheka. Mwigulu alipouma andazi ndani ya jeneza, yule mzee mwenye koti la mvua alicheka mpaka akakohoa. Msiba uliisha pale, kwa kweli uliisha, watu walikuwa wanapigana mabega. Antoni alicheka hadi machozi, akayafuta, kisha akasimama akaniuliza taratibu: "Kwa hiyo marehemu hakukataza?"

Nami nikajibu kwa sauti, ili hata walioko nyuma wasikie: "Hakukataza kitu!"

Nilisema kwa fahari. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miezi mitatu.

Halafu mama alikuja mwenyewe na ugali na samaki, akanawisha mikono yangu, akasema, "Kula, mwanangu, umetoka mbali." Nikala. Nilidhani amenisamehe. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naimba kwenye basi.

Mdomo uliponza kichwa, lakini huu wangu umeponza vichwa vya watu wengine. Niambie Antoni amefanya nini. Niambie mko wapi. Kama kuna namna, nitarudi niseme nilidanganya, kwamba picha zile ndizo za kuigiza na ile ya kwanza ndiyo ya kweli. Nitaapa. Nijibu hata neno moja.

Shadrack, shemeji yako kama bado unaniita hivyo


Iringa,
6 Oktoba 2024

Shemeji Shadrack,

Hujambo? Mimi ni mzima. Barua yako Zabron aliniletea hukuhuku alipokuwa anapeleka mchele Dodoma. Kunipata hakukumchukua muda, kwa mdomo ule. Ninaandika nikiwa kitandani bwenini, nimevaa sare, soksi nyeupe juu ya magoti.

Antoni alikuja Jumapili mchana, kesho yake baada ya kikao, na kitanda juu ya mkokoteni na mbuzi nyuma. Sikwambii ni mtu mbaya. Mtu mbaya asingekuja na kitanda mchana kweupe, watu wote wanaona. Alikuwa amenyoa. Wazee walikuwa wamempa neno na yeye alikuwa analifuata.

Mama akamkaribisha, akamfungia mbuzi, akamwambia: "Mwanangu, jambo jema halitaki haraka. Siku hizi hata kanisani hawafungishi ndoa bila cheti cha kupima damu. Wewe una wake na watoto. Niache kesho nimpeleke hospitali ya Chimala akapimwe, mwingie humu kwa usafi." Antoni akaona ni busara. Hata mimi niliona ni busara, nikalia, nikadhani ameshindwa na ameniachia. Kumbe nilikuwa nalia vizuri, kama alivyotaka.

Jumatatu asubuhi tulitembea kwenye matuta ya mashamba, yeye mbele. Kila tuliyekutana naye alimwambia tunakwenda kupima. Hospitalini hatukuingia. Alinipeleka moja kwa moja stendi, akafungua ule mfuko wa kifuani, akatoa vyeti vyangu alivyovikunja ndani ya mfuko wa sukari, akanipa. Nikamwambia twende wote. Akasema yeye akiondoka, Antoni atajua leo, na mimi nahitaji wiki.

"Utamwambia nini?" nikamwuliza.

"Nitamwambia majibu hayajatoka."

Zabron anasema mpaka wiki iliyopita mama alikuwa anasema hivyohivyo. Majibu hayajatoka, wamenibakiza kwa vipimo. Antoni ameshajua. Kitanda amekiingiza na mke wake mdogo yuko humo, mama amehamia jikoni. Hawampigi, hawamnyimi chakula. Wamemnyang'anya tu ile nyumba aliyojengewa na mwanawe, na hawezi kuja kwangu wala mimi kurudi kwake. Nimetoka, shemeji, na nina furaha nusu. Nilidhani mlango ukifunguliwa tutatoka wawili.

Usije kuniomba radhi. Ulifanya nilichokuomba. Nilikuomba mara mbili, kwa maandishi, na ulikuja. Ukitaka kuomba, kaombe kule jikoni, na ukae uchambue mchele.

Kitu kimoja sikumwambia Zabron. Pale stendi, kondakta ameshaniita, mama alinipa na simu. Nikaikataa. Nikamwambia, mama, baki nayo, utamwonea wapi tena Mwigulu? Akanikunjua vidole, akaibana mkononi mwangu na kusema, "Yule wa kwenye simu alikuwa ananisaidia kazi. Kazi imekwisha. Wa kwangu nitamlilia sasa."

Akageuka akashika njia. Kutoka dirishani nilimwona ameshika kifua, pale palipokuwa na ule mfuko, na mabega yanamtetemeka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike mwanawe.

Nyamizi,
mkwe wa mama, na shemeji yako